Mwaka wa Kungumanga

Zena alinipigia simu baada ya sala ya alfajiri, na kabla hajasema neno nilishajua, kwa namna alivyovuta pumzi. "Mama katangulia, Riziki," alisema. "Tunamzika adhuhuri." Bi Kidawa alikuwa mtu mzima sana, kaugua muda mrefu, na kifo chake hakikuwa cha kumshtua mtu. Aliyenishtua ni mimi mwenyewe. Nilipoingia katika ile nyumba ya Sokomuhogo, nikavua viatu mlangoni na kupenya baina ya wanawake waliojaa mikekani, miguu ilinipeleka yenyewe mpaka juu, kwenye chumba cha dirisha la kijani, kama kwamba bado nina miaka kumi na tisa na mkoba wa chuo begani. Nilisimama pale kizingitini, moyo unanidunda, nikajikuta najipapasa mshipa wa mkono kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Siku ya hitma, watu walipopungua, binti wa mwisho wa Zena, msichana anayesoma chuo kikuu, alikuja kukaa karibu yangu. "Anti Riziki," aliuliza, "wewe na Bibi mlijuana vipi hasa? Mama kila nikimuuliza ananambia nikuulize wewe." Nilimtazama Zena. Alikuwa anakunja mikeka, akanipa ishara ya kichwa: sema. Basi nikasema. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza yule binti, pamoja na mengine ambayo siku ile niliyaruka.

Nyumbani kwetu ni kusini kabisa mwa kisiwa, na chuo cha ualimu kilikuwa mjini, kwa hiyo mama aliniombea nafasi kwa Bi Kidawa, aliyekuwa somo yake, yaani ndiye aliyemfunda alipoolewa. Bi Kidawa alifunda mawari wengi kuliko somo yeyote mjini. Akiitwa mtaa wa Malindi, akiitwa Michenzani, na harusi ambayo hakuipikia yeye uji wa fungate watu waliihesabu pungufu. Nyumba yake ilikuwa nyembamba, imepanda juu kama kabati. Chini palikuwa na ukumbi wa mikeka, nyuma yake uani penye majiko ya mkaa, na juu vyumba viwili, chake na changu. Changu kilikuwa na kitanda cha samadari kirefu mpaka kina kigoda cha kupandia, na kioo kikubwa ukutani kilichofunikwa kanga. Siku ya kwanza niliifunua ile kanga nijitazame. Bi Kidawa akairudisha taratibu, akaipiga fundo. "Kiache hivyo hivyo, mwanangu," alisema. Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa mgeni, na mgeni kwetu hafunui vilivyofunikwa.

Kila asubuhi alinipikia uji. Nimekula vyakula vingi tangu hapo, lakini sijaonja tena uji kama ule: mchele uliopondwa ukalainika, tui zito la mwanzo, iliki, pilipili manga kwa mbali, na mwisho kabisa kungumanga. Alikuwa na kipande cha bati kilichotobolewa kwa misumari, na juu ya bati hilo akiikwaruza punje ya kungumanga, ungaunga wa rangi ya udongo ukidondokea bakulini. Harufu yake ilipanda ngazi ikaniamsha kabla ya sauti yake. "Kunywa, mwanangu," alikuwa akisema, kasimama mbele yangu mpaka bakuli liishe. "Mjini hapa pana upepo mbaya, na wewe huna nyama mwilini. Kungumanga inatuliza roho, inatia damu." Yeye mwenyewe aliunywa uji huo tangu alipovunja ungo, na alikuwa mwanamke mnene mwenye ngozi ya kung'aa, analala usingizi wa mtoto. Nani angemkatalia? Baada ya uji tukinywa kahawa chungu na kipande cha halua, nikashika njia ya chuo huku nimeshiba mapenzi ya mtu asiyenizaa.

Ilianza masika, katika mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa la watoto katika skuli moja ya mjini, adhuhuri inakaribia, naandika ubaoni sentensi ya Kiswahili. Ulimi ulikauka ghafla, ukagandana na kaakaa. Nikasikia moyo wangu masikioni. Kisha ubao ukaanza kwenda. Sisemi uliyumba. Ulikwenda, ukarudi nyuma polepole pamoja na kuta zake, na mimi nikabaki peke yangu katikati ya uwazi mkubwa, na jambo moja tu likawa na uhakika duniani: nakufa, na nakufa sasa hivi. Chaki ilinidondoka. Nilikaa sakafuni mbele ya watoto wale, nikajishika kifua, nikalia kwa sauti. Hata leo, nikikumbuka nyuso zao, macho yamewatoka na hakuna anayecheka, nasikia baridi mgongoni. Mwalimu wa darasa alinibeba akanilaza ofisini. Ilipofika magharibi nilikuwa nimetulia, isipokuwa macho mekundu na kichwa kizito kama cha mtu aliyeamka homa.

Bi Kidawa alishtuka kuliko mimi. Alinikanda miguu kwa mafuta ya karafuu, akanisomea, akanifukiza udi, na asubuhi yake akanikwaruzia kungumanga zaidi. Huo ndio mwanzo wa ule mduara ambao mpaka leo ukinijia akilini naona kizunguzungu. Nikiugua, aliongeza. Akiongeza, niliugua. Mwanzo ilikuwa kidogo tu, sehemu ya punje katika sufuria letu sote wawili. Baadaye akawa ananipikia kisufuria changu peke yangu, na punje nzima ikaingia humo, na siku alizoniona nimenyong'onyea zaidi alianza na ya pili. Alikuwa akikwaruza huku machozi yanamlenga. "Sitaki," nilimsikia akijisemea uani asubuhi moja, peke yake, "sitaki tena, Yarabi, sitaki mara ya pili." Nilidhani anazungumzia uchovu.

Nilikwenda hospitali. Daktari kijana alinipima presha, akanitoa damu, akakuta sina malaria wala upungufu wa damu, akaniambia ni wasiwasi wa mitihani, nipumzike. Wasiwasi kweli ulikuwapo, lakini aliueleza kama mtu anayeniambia nimechoka bure. Chuoni niliitwa ofisini, nikaambiwa kwamba mwalimu anayeanguka mbele ya wanafunzi hawezi kupewa cheti, na kama hali haitabadilika mpaka mwisho wa mwaka nirudi kwetu. Jambo lililowachanganya watu wote ni kwamba nikienda nyumbani kusini mwisho wa wiki, nilikuwa mzima. Nikila samaki na ugali wa muhogo wa mama yangu, nikilala kwenye kitanda cha kamba, hakinipati kitu. Nikirudi mjini, siku ya pili tu kimenishika. Kwa watu wa kwetu jibu la fumbo hilo lilikuwa wazi: nyumba ile ina mwenyewe.

Nililisikia jibu hilo kwa masikio yangu. Nilikuwa nimekaa juu ya ngazi, chini ukumbini wameketi wanawake waliokuja kupanga harusi, na sauti zao zikanifikia baina ya vijiko na vikombe. "Kamlaza kitanda kile kile?" mmoja aliuliza. "Kile kile," mwengine akajibu. "Kidawa naye haogopi. Lile ruhani lilimpenda Zena, Zena kaondoka, sasa limepata mwengine." "Lahaula. Mtoto wa watu!" Kisha Bi Kidawa akatoka uani na chano cha maandazi, wakaanza kuzungumzia bei ya mchele. Nilibaki pale juu nimeshika ukingo wa ngazi. Zena nilikuwa namjua kwa jina tu. Bi Kidawa alikuwa ameniambia siku za mwanzo kwamba ana binti mmoja, yuko Kiwengwa kwa mama yake mdogo, "hajiwezi kidogo." Kila Alkhamisi alimpelekea kopo kwa mtu wa gari, na mimi nilidhani mna vijizawadi. Jioni ile nilimuuliza moja kwa moja. Hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda cha kitanda changu, akashika fundo la kanga ya kile kioo, akasema, "Alikuwa akiogopa uso wake. Akijitazama humo anasema yule si yeye." Aliolewa, alisema, na siku ya tano ya fungate alitoka mbio nyumba ya bwana harusi bila ya mtandio, anapiga kelele kwamba anakufa. Wakamrudisha kwa mama yake. Hakupona. Mume akasubiri, akachoka, akamwacha. Waganga wakapita mmoja baada ya mwengine, na wa mwisho akalitaja ruhani kwa jina, akampa masharti. "Na wewe," alisema Bi Kidawa bila kunitazama, "mamako nshamwambia. Ramadhani ikimalizika tu, Mfungo Mosi, tunakupunga hilo ruhani."

Naandika haya nikiwa mwalimu mkuu niliyekaribia kustaafu, na nimeona wasichana wengi wakianguka darasani. Sidharau imani za watu, na sisemi kila anayetetemeka kalishwa kitu. Lakini siku hizi, kabla wazazi hawajafika na kabla jina la shetani halijatajwa, namkalisha yule msichana pembeni namuuliza: umekula nini toka jana? umekunywa nini? Na si mara moja nimejibiwa kwamba tumbo tupu, na juu yake makopo mawili ya vinywaji vya kutia nguvu, ili asome. Watu wananiona mwalimu wa ajabu, anayeuliza habari za chakula mtoto anapolia. Hawajui nilikotoka.

Ramadhani iliingia. Uji ukahama kutoka asubuhi kwenda kwenye futari, baada ya tende na kaimati, bakuli langu peke yake likiwa na rangi yake ya udongo. Nilifunga siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaingia darasani mchana nikafundisha mpaka kengele. Sikuanguka. Adhuhuri, saa yangu ya kufa, ikapita kama mtu asiyenijua. Lakini karibu na daku, mtaa mzima ukiwa unaamka, hofu ikanijia kitandani kama ilivyokuwa ikinijia ubaoni, ulimi mkavu, kuta zinakwenda. Ikawa hivyo kila siku. Nilimweleza rafiki yangu Shemsa, tuliyekuwa tukisoma pamoja, tumekaa barazani chuoni tunangoja somo la mwisho. Shemsa alikuwa mtu wa mzaha, hata habari ya msiba aliweza kuiwekea kicheko. Alinisikiliza, akaguna. "Mbona jini lako limefunga?" alisema. "Mchana halikugusi, likishafuturu ndio linakuja kukupiga." Tulicheka. Kisha yeye mwenyewe akaacha kucheka, akanishika mkono. "Ngoja kwanza, Riziki. Mashetani si wanafungwa minyororo mwezi huu? Si ndivyo tulivyosomeshwa kwenye chuo cha Kurani tangu wadogo? Sasa hili lako limefunguliwa na nani?"

Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji. Kama si shetani, ni nini basi kilichohama saa zake Ramadhani ilipoingia? Saa za kulala hazikuhama sana. Chuo hakikuhama. Kilichohama ni chakula. Nilikaa barazani pale nikakirudisha mawazoni kila kitu nilichokiweka mdomoni mjini na ambacho nyumbani kusini hakipo, na nikafika kwenye bakuli lile, na nikalikimbia. Nililikimbia siku nzima. Kulifikiria tu niliona ni utovu wa adabu.

Shemsa ndiye aliyenivuta kurudi hospitali. Safari hii nilionwa na daktari mwanamke, mtu wa makamo, aliyekuwa na tabia ya kuweka kalamu chini mgonjwa anapozungumza. Nilimweleza vyote, hata habari ya jini lililofunga, na hakucheka. Aliponiuliza ninafuturu nini nikamtajia, nilipofika kwenye kungumanga akanikatisha. "Kiasi gani?"

"Punje nzima, dakta. Siku nyengine na zaidi."

"Kwa sufuria la watu wangapi?"

"La peke yangu."

Akasema polepole, "Subhanallah," na uso wake ndio ulionitia hofu, maana sikuwahi kumwona daktari akishtuka. Alinieleza kwa maneno ya kawaida, na nayakumbuka kwa sababu ndiyo yaliyonirudisha duniani. Kungumanga kidogo kwenye biriani haina neno, alisema. Lakini punje nzima kwa mtu mmoja si kiungo tena, ni dawa, na kwa wengine ni sumu. Mna vitu ndani yake vinavyoingia kwenye damu, vinafika kwenye ubongo na kuvuruga kemia yake, zile chembechembe zinazotwambia tutulie au tukimbie. Haifanyi kazi hapo hapo. Inachukua masaa, ndiyo maana mtu haunganishi bakuli la alfajiri na hofu ya adhuhuri. "Na miili haiko sawa," alisema. "Mmoja atakunywa miaka hamsini asione kitu, mwengine mwili wake ni mwepesi kuitika, kidogo tu kinamtosha. Wewe ni mwepesi. Na hiyo kahawa chungu juu yake ni kumwaga mafuta ya taa kwenye moto. Acha vyote viwili. Ukiona hali imebaki vile vile, rudi, tutatafuta mengine."

Kumwambia daktari kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumwambia Bi Kidawa. Nilimkuta uani alasiri, anakuna nazi kwa ajili ya futari, nikamsalimia, "Shikamoo, Bi Kidawa," akaitika, "Marahaba, mwanangu, mbona uso umekuparama?" Nikamwambia. Nilizunguka sana, nikataja kahawa kwanza, lakini hatimaye nikalitamka neno lenyewe. Aliacha kukuna.

"Nimekulisha sumu mimi?"

"Sikusema hivyo, Bi."

"Umesema. Mimi, Kidawa, niliyemlisha mamako fungate mpaka ukapatikana wewe, nnakulisha sumu?" Aliinuka kwenye mbuzi, kifuu mkononi. "Mawari wa mji huu wote wamekunywa uji wangu. Yupi aliyekufa? Nitajie! Na mimi nnayeunywa kila siku, mbona nimesimama mbele yako?"

"Dakta anasema miili haifanani," nilisema, na mimi nishaanza kulia. "Bi Kidawa, wallahi sikutukani. Ni mwili wangu tu. Nikishaunywa unapita muda, halafu ulimi unakauka, halafu kuta zinakwenda…"

"Zinakwenda?"

"Zinarudi nyuma. Naona kama chumba kinanikimbia."

Kifuu kilimdondoka, kikabingirika mpaka kwenye karo. Sikupata kuona, wala sijaona tena tangu siku ile, uso wa mtu ukibadilika namna ile bila kuguswa. Alitafuta mahali pa kukaa kwa mkono, kama kipofu, akakaa juu ya ile mbuzi ya nazi huku meno ya chuma yako wazi ubavuni mwake, ikabidi nimvute. "'Mama, kuta zinakwenda,'" alisema, kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Ndivyo alivyokuwa akisema. 'Mama, chumba kinanikimbia.' Nikamwambia nyamaza, kunywa uji." Alinitazama. "Nnampelekea, Riziki. Kila Alkhamisi. Nnaisaga mwenyewe, nnaitia kwenye kopo, nnamwambia mdogo wangu Mize asimpunguzie hata siku moja." Basi kungumanga ndiyo iliyokuwa ndani ya kopo. Nilikuwa nimeliona kila wiki juu ya meza, limefungwa kitambaa cheupe kwa uzi, na siku ile nilipolitazama pale lilipokuwa, limeshafungwa tayari kwa kesho yake, nilirudi nyuma kama nimeona nyoka.

Hatukungoja. Asubuhi yake tulikwenda Kiwengwa, wote wawili tumefunga, na njia nzima Bi Kidawa alikuwa akileta istighfari. Nyumba ya mdogo wake, Bi Mize, ilikuwa nyuma ya mahoteli, upande ambao wageni hawafiki, na uwanja wake wote ulikuwa umetandazwa mwani unaokauka, zambarau na kijani, unanuka chumvi. Katikati ya mwani ule alikuwa amekaa mwanamke mrefu, mwembamba, kavaa nguo nyeupe tupu, anageuzageuza majani kwa mkono mmoja. Nilitarajia kuona kichaa. Niliona dada wa miaka ishirini na kitu, mzuri, aliyechoka, mwenye macho mekundu niliyoyajua vizuri, kwa sababu yalikuwa macho yangu mimi kila baada ya kuugua. Alisogea kutupisha tukae, akamwaga maji ya waridi kidogo chini upande wake wa kulia, akanong'ona kitu. Ndiyo yaliyokuwa masharti. Ruhani husalimiwa kwanza.

Bi Kidawa alikaa chini kwenye mchanga, pamoja na uzito wake na buibui lake jipya. "Zena," alisema. "Ule uji unaokunywa. Ndio unaokutia ile hofu. Ile kungumanga."

"Kungumanga?"

"Ndiyo, mwanangu. Huyu Riziki kaugua kama wewe, maneno yako yale yale, na dakta kamwambia. Nisamehe. Sikujua. Wallahi sikujua."

Bi Mize, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijipiga kifua akasema, "Yarabi toba, na mimi ndiye ninayempikia." Zena hakumtazama. Alikuwa anamtazama mama yake kwa makini sana, kama mtoto anayesomeshwa herufi. "Kwa hiyo mimi sina ruhani?" aliuliza.

"Huna."

"Sina kabisa?"

"Huna, mwanangu. Hujapata kuwa naye."

Zena aliitazama ile chupa ya maji ya waridi mkononi mwake. "Basi miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nikimsalimia nani?"

Bi Kidawa alijiinamia mpaka kipaji kikagusa mwani, akalia kilio ambacho nilidhani kwetu huliliwa maiti tu.

Ningependa kusema Zena alipona siku ile, lakini haikuwa hivyo. Mimi nilipona upesi: siku chache baada ya kuacha uji na kahawa, saa zangu zote zikawa saa za kawaida, na hofu ikabaki ndogo, ya kujulikana, ile inayomjia kila mtu. Zena alikuwa ameishi humo muda mrefu, na mwili wake ulikuwa umejifunza kuogopa hata bila ya kulishwa. Yule daktari wa kike alimwona, akatwambia wazi kwamba hawezi kuapa kuwa kungumanga pekee ndiyo iliyofanya yote. Yawezekana iliwasha moto na mengine yakauchochea, pamoja na talaka, upweke, na kuambiwa kila siku kwamba ndani yake anaishi mtu mwengine. Akampa dawa kwa muda na akawa anamwita waongee. Lakini kuta ziliacha kwenda. Hilo la kwanza. Kisha usingizi ukarudi, kisha hamu ya samaki, na Idi ilipofika Zena alivaa gauni la rangi ya machungwa lililokuwa likimngoja sandukuni tangu fungate, akaja mjini, akalala na mimi katika kitanda kile cha samadari. Asubuhi nilimkuta kafungua fundo la kanga, kasimama mbele ya kioo, anajigusa shavu. Nilijifanya nimelala.

Mfungo Mosi huo huo, badala ya kupungwa mimi, palikuwa na harusi mtaa wa pili, na Bi Kidawa akaitwa kama kawaida. Tulidhani hatakwenda. Alikwenda, na akatuchukua sote wawili, Zena kwa mkono wa kulia. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake, udi, asumini. Zena alipoketi, wale waliokuwa karibu yake waliinuka kwa visingizio, mmoja anatafuta maji, mwengine anaona joto, mpaka pakawa na mkeka mtupu kumzunguka. Bi Kidawa aliona. Sufuria la uji wa mwari lilikuwa mbele yake tayari, na mama wa bibi harusi alikuwa anamnyooshea kisahani cha kungumanga. Alikisukuma.

"Sitii," alisema.

"Alaa! Bi Kidawa, fungate bila kungumanga si uji huo, ni uji wa mgonjwa."

"Mgonjwa wangu mimi aliugulia uji wa fungate." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, lakini maongezi yakakatika, toka mlangoni mpaka dirishani. Aliinuka. Alikuwa mwanamke ambaye mji mzima ulimwachia mabinti zake, na sijui kama nimewahi kuona mtu akiuweka utukufu wake chini namna ile, mbele ya watu waliompa. "Mnamkimbia mwanangu," alisema. "Rudini mkae. Huyu hana jini wala hajapata kuwa nalo. Jini lake nilikuwa nalisaga mimi, kwa mkono huu, na kumlisha kwa kijiko. Mwenye kunitukana anitukane leo, nnamsikiliza."

Mama wa bibi harusi alikuwa bado kakishika kisahani hewani, hajui akiweke wapi. Nilisikia mtu anasema "Lahaula" chini ya mtandio. Zena hakuinamisha kichwa. Kisha kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango wa uani, akasimama mwanamke mmoja nisiyemjua, mtu mzima, mikono imeshika pindo la kanga yake. Alipita katikati ya watu wale, akaja mpaka mbele ya Bi Kidawa, na aliposema, alisema kwa sauti ndogo, lakini ukumbi mzima ulimsikia.

"Na wangu, Bi Kidawa? Naye wanasema ana jini."

Bi Kidawa alimshika mikono yote miwili. "Wako sijui, mwenzangu," alisema. "Sijui, na sitakudanganya. Kaa hapa. Nambie kwanza anakula nini."